Je, Wajua? Sangara Ndani ya Pistolet

Je, wajua kwamba sangara akifika Ubelgiji hupewa majina mawili kwa mpigo? Brussels ni mkoa wa lugha mbili, basi pakiti ya minofu huandikwa *perche du Nil* kwa Kifaransa na *Victoriabaars* kwa Kiholanzi, jina la pili likitaja kabisa ziwa alikotoka. Mjaluo wa Kisumu angemwita mbuta, Mganda mputa. Na Mkongo aliyesimama mbele ya jokofu lilelile hapa Ganshoren hasiti hata kidogo: huyo ni *capitaine*. Wote wanamsema samaki mmoja, *Lates niloticus*, anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200.

Ganshoren ni mojawapo ya manispaa 19 za mkoa wa Brussels, upande wa kaskazini-magharibi, na ni miongoni mwa zilizo ndogo. Jumapili mimi hutengeneza hapa mkate wa samaki wenye pilipili, na kila ninachokiweka juu ya meza kina hadithi yake ya safari.

Tuanze na huyo sangara. Je, wajua kwamba Ziwa Viktoria halikuwa na sangara hadi miaka ya 1950? Alipelekwa huko na watu, akitolewa maziwa mengine kama Albert, ili kuwe na samaki mkubwa wa kuvuliwa na kuuzwa. Aliwala furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, na aina nyingi hazikuonekana tena. Viwanda vya minofu vikaota Mwanza, Kisumu na Jinja. Minofu hupanda ndege kwenda Ulaya; kinachobaki kiwandani ni kichwa na mifupa, ambavyo Mwanza huitwa mapanki na hukaangwa vikaliwa na watu wa kipato kidogo. Bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, huuzwa bei kubwa kuliko mnofu wenyewe na husafirishwa hadi China. Ninapofungua pakiti ya minofu minne myeupe, isiyo na mwiba hata mmoja, siwezi kuacha kuyafikiria hayo mapanki. Kule mtu ananyonya mifupa ya samaki ambaye mimi nimeletewa nyama yake.

Soma vizuri maandishi madogo ya pakiti. Kanuni namba 1379 ya mwaka 2013 ya Umoja wa Ulaya inadai samaki wa maji baridi aandikwe nchi na maji alimovuliwa, pamoja na jina lake la kisayansi. Kwa hiyo unaweza kujua kama chakula chako kimetoka Tanzania, Uganda au Kenya.

Mrundi, hata hivyo, atakwambia sangara si kitu mbele ya mukeke wa Ziwa Tanganyika, yule ambaye Kigoma humwita mgebuka. Hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Je, wajua aliyempa mukeke jina la kisayansi alizaliwa hapahapa Brussels? Ni George Albert Boulenger, mzaliwa wa mwaka 1858, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London. Mwaka 1914 alimwita samaki huyo *stappersii*, kwa heshima ya Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyekuwa amelichunguza ziwa hilo.

Sasa mkate. Edward Gibbon, mwanahistoria Mwingereza, ndiye anayejulikana kuwa wa kwanza kuliandika neno sandwichi kwa maana ya chakula, mwaka 1762. Lakini angalia: ukiingia kwa mwokaji wa Brussels ukaomba *sandwich*, waweza kukabidhiwa kimkate laini cha maziwa, kitupu, mfano wa skonzi. Hapa neno hilo ni jina la mkate wenyewe, hata kama hauna kitu ndani. Ninaoutaka mimi ni *pistolet*, mkate mdogo wa duara wenye ganda kavu na mfuo katikati, ambao Wabelgiji huupangia foleni asubuhi ya Jumapili. *Pistolet* kwa Kifaransa ni bastola. Na mkate mrefu uliojazwa nyama, chipsi na mchuzi huitwa *mitraillette*, bunduki ya rashasha. Kwa nini mikate yao ina majina ya silaha, kila mtu ana maelezo yake.

Njia yangu ya kwenda kununua mkate inapita chini ya kuba la Basilika ya Koekelberg, ambayo sehemu yake imo ndani ya mpaka wa Ganshoren. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1905 na Mfalme Leopold II, wakati Kongo yote ilikuwa mali yake binafsi. Kwa mkondo huo wa historia Kiswahili cha Bukavu, Goma na Lubumbashi kimefika katika mabasi ya hapa, na ukipanda metro Simonis ukashuka Porte de Namur umefika Matonge, mtaa uliorithi jina kutoka Kinshasa. Huko ndiko ninakonunua pilipili.

Nayo haihitaji mkalimani. Je, wajua kwamba *pili-pili* limo katika kamusi za Kifaransa, likiwa limetoka kwetu? Nasi tulilipokea: Waarabu husema *filfil*, na mzizi wake unarudi hadi *pippali* ya Kisanskriti. Ajabu ni kwamba neno lilikuwapo pwani kabla ya tunda lenyewe. Pilipili ya kuwasha ni mmea wa Amerika, ambao haukujulikana ng'ambo hii kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kabla ya hapo pilipili ilikuwa ile punje nyeusi ya Malabar. Mgeni alipofika akachukua jina la mwenyeji, na mwenyeji ikabidi aongezewe sifa ili atambulike: pilipili manga, yaani ya Arabuni.

Kuwasha kwake si ladha. Kemikali iitwayo kapsaisini hugusa kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto la moto, ndiyo maana ulimi huamini umeungua. David Julius, aliyekigundua, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ndege hawaihisi; huila wakasambaza mbegu. Wala ukali hauko hasa kwenye mbegu, bali kwenye utando mweupe zinamoshikilia. Ukwangue kwa ncha ya kisu, pilipili mbuzi inapoa huku harufu yake ya matunda ikibaki. Maji hayasaidii kinywa kinachowaka, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Kwa sababu hiyohiyo pilipili iliyosagwa ndani ya mayonezi huja taratibu.

Mnofu uwe mkavu. Mimi huutia chumvi na ndimu, nikausubiri dakika kumi, kisha naubonyeza kwa karatasi ya jikoni hadi karatasi isitoke na maji tena, ndipo naupaka bizari na unga wa mahindi. Maji yakiingia katika mafuta ya moto huchemka palepale na mvuke huing'oa ile nguo ya unga. Dakika tatu kila upande zinatosha, maana nyama ya samaki ina nyuzi chache za kuunganisha na huachana mapema. Pistolet naipasua, naitoa sehemu laini ya ndani kwa kidole gumba, napaka mayonezi ya pilipili pande zote mbili, kisha kachumbari iliyokamuliwa, kisha samaki angali analia.

Pilipili yenyewe usiikaange ukiwa ghorofani. Kapsaisini hupanda na mvuke wa mafuta, na koo lina vipokezi sawa na vya ulimi. Mara ya kwanza sikujua. Nilisikia kikohozi cha jirani wa kushoto, kisha wa juu, na mlango ulipogongwa nilikuwa mwenyewe nafuta machozi. Alikuwa mama wa Kikongo. Akavuta pumzi, akakohoa, akauliza kama capitaine amebaki.