Lenta si Kizingiti: Istilahi ya Ujenzi katika Usemi wa Mafundi wa Arusha

Makala haya yanafafanua maana ya neno lenta kama linavyotumiwa na mafundi uashi wa jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, na kueleza kwa nini kulifasiri kuwa kizingiti ni kulipotosha.

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako hutaja boriti fupi inayobeba uzito wa ukuta juu ya mlango au dirisha. Katika usemi wa mafundi maana yake imepanuka. Lenta ni mkanda wa zege lenye nondo unaozunguka nyumba nzima, hata juu ya kuta zisizo na uwazi wowote. Ndiyo maana husemwa kwamba nyumba "imefika lenta": inayotajwa ni hatua ya ujenzi, si sehemu ya mlango. Mwenye nyumba anayejenga kwa kudunduliza huipima kazi yake kwa hatua hizo: msingi, jamvi, lenta, kenchi.

Hatua hizo zenyewe zina asili mbalimbali. Jamvi, yaani mkeka mpana wa kutandika chini, limekuwa zege la sakafu linalomwagwa juu ya msingi. Sitiari hii imezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Kenchi limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya mkasi, na atazamaye mbao zinavyokutana kileleni mwa paa hahitaji maelezo zaidi. (Mwiko nao umetoka jikoni ukahamia kwa mwashi, bila yeyote kulalamika kwamba si istilahi.)

Kizingiti ni neno kongwe lihusulo mlango, uwe upande wake wa chini au wa juu. Anayeandika mkataba na kuchagua kizingiti kwa kuona kwamba lenta si sanifu, amefuta mkanda na kubakiza vipande. Athari yake haiishii kwenye msamiati. Arusha imo katika ukanda wa Bonde la Ufa. Julai 2007, mfululizo wa matetemeko katika eneo la Gelai, kaskazini mwa jiji, ulifikia ukubwa wa 5.9, na mitikisiko ikasikika hadi Nairobi. Mkanda usiokatika husaidia kuzifunga kuta za matofali zisiachane pembeni. Vipande vilivyo juu ya madirisha haviwezi kazi hiyo.

Kwa maoni yetu, usanifishaji unaomnyang'anya fundi neno lenye maana bayana na kumpa lenye maana nyingine haujasanifisha chochote. Lenta liingizwe katika kamusi kwa maana yake ya mkanda, na kizingiti kiachiwe mlango. Hadi hapo, mwandishi wa mkataba na aandike "lenta ya kuzunguka kuta zote", akitaja pia idadi na kipenyo cha nondo zake.