Simu na Mwenye Simu (3): Kuruhusu Usichokisoma

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza jinsi ya kuchagua simu janja na jinsi ya kutunza namba ya siri. Leo nagusa jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: lugha inayozungumzwa na simu yenyewe.

Dada yangu ni fundi cherehani mjini Morogoro. Mwaka jana alikopa shilingi 50,000 kupitia programu moja ya mikopo aliyoipakua kwenye simu. Alipochelewa kulipa kwa siku nne, ujumbe ukawafikia wateja wake, mchungaji wake, mkwe wake na mimi pia, kwamba huyu ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Simu yake haikuibwa. Siku ile ya kwanza yeye mwenyewe aliiruhusu programu isome namba zote alizohifadhi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Kaka, yalikuja maneno ya Kiingereza, nikabonyeza tu ili niendelee."

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa sababu namjua dada. Kila wiki anatuma pesa kwa wazazi, anatoa kwa wakala, ananunua umeme wa Luku, na sijasikia amekosea hata tarakimu moja. Akili iliyofanya yote hayo ndiyo iliyobonyeza bila kusoma. Kilichobadilika ni lugha.

Tuitazame menyu ya pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Mtu mwenye simu ya kitochi anapiga *150*00#, anaona "Tuma Pesa", anachagua, anaandika namba na kiasi, anaulizwa namba ya siri. Mama wa kijijini ambaye hajawahi kuingia darasa la kompyuta anajua muamala ni nini, salio ni nini, na akipewa lipa namba anajua la kufanya. Hakuna semina iliyomfundisha. Maneno hayo yalikuja yakiwa yamebeba fedha yake, naye akayashika. Huu ndio ushahidi ninaowapa wanaosema kwamba Kiswahili hakitoshi kwa teknolojia: tumekwisha kukitumia katika jambo tunaloliogopa kuliko yote, yaani kupoteza pesa, na kimetosha.

Neno likipewa kazi, watu hulizoea. Nakumbuka neno "kishikwambi" lilivyochekwa. Ikaja Sensa ya Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, na baadaye walimu wakagawiwa vifaa hivyo. Siku hizi nalisikia hata kwenye daladala. Lakini "nywila" bado linasuasua, na sioni ajabu, kwa kuwa "namba ya siri" na "neno la siri" yalikwisha kufika mapema.

Lazima nikiri kwamba juhudi nyingine hazikuzaa tulichotarajia. Desemba 2004 wataalamu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka na kupigia hesabu, yenye menyu za Kiswahili. Mradi wao uliitwa Kilinux. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Hata hivyo, kwenye steshenari ninazopita kuchapisha kazi zangu sijaikuta hata mara moja. Nadhani sababu si ubora wake. Mafunzo ya kompyuta yalikuwa kwa Kiingereza, cheti kwa Kiingereza, na mwajiri naye alitarajia Kiingereza. Aliyejifunza kwa menyu za Kiswahili angefika ofisini akajikuta mgeni.

Kwenye simu hakuna cheti wala mwajiri. Simu ni yako. Mbona basi wengi wetu tumeiacha ilivyotoka dukani? Wapo wanaoona kuweka Kiswahili ni ushamba, na hao siwezi kuwasaidia kwa makala moja. Wengine wana hoja ya kweli: tafsiri zenyewe zinachanganya. Katika simu za Android, orodha ya watu uliowahifadhi imeitwa "Anwani". Kwetu anwani ni sanduku la posta, au mtaa na namba ya nyumba. Kwa hiyo simu inapouliza kama unaruhusu programu ifikie "anwani zako", mtu anaweza kudhani anaulizwa anakaa wapi. Ingeandikwa "majina na namba za watu wako", dada angesita. Kampuni zinazotafsiri zingewaketisha fundi cherehani na mama lishe, zikawauliza wameelewa nini, kabla ya kutoa neno lolote.

Pamoja na kasoro hiyo, "Ruhusu" na "Usiruhusu" ni maneno yasiyomficha mtu kitu. Kwa sababu hiyo nakuomba, msomaji, leo ufungue mipangilio ya simu yako, utafute sehemu ya lugha, uchague Kiswahili. Wiki ya kwanza utachelewa kidogo, maana vidole vilizoea mahali, si maneno. Kisha ingia kwenye orodha ya programu, utazame kila moja imepewa ruhusa gani, uondoe zisizohusiana na kazi yake. Fanya hivyo pia kwenye simu ya mama na ya baba, ukiwa umeketi nao na kuwasomea. Dada alipofanya hivyo alikuta programu tatu zaidi zikisoma namba zake, mojawapo ikiwa ya tochi.

Hata hivyo, mzigo huu si wa dada peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Naziomba taasisi hizo mbili zitoe sharti moja: programu yoyote ya mikopo inayotaka leseni nchini iombe ruhusa zake kwa Kiswahili cha wazi, na ikiomba kwa lugha ambayo mkopaji haisomi, ruhusa hiyo ihesabiwe kuwa haikutolewa.