Moramu: Udongo Uliochagua Mabingwa

Kwa miaka 19 mfululizo, tangu 1953 hadi 1971, hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki. Walikuja, tena walio bora. Erik Carlsson wa Uswidi alikuwa ametwaa mbio za Monte Carlo 1962 na 1963. Mwaka 1964 akaleta Saab yake, na kwa ufundi wake wote akaishia nafasi ya pili, nyuma ya Peter Hughes wa Kenya. Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Joginder Singh, fundi wa magari aliyejifunza kazi gereji kwa baba yake, akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo. Wenyeji hawa walikuwa na jambo moja ambalo mgeni hakuweza kulibeba kwenye meli pamoja na gari lake: waliujua udongo.

Udongo wenyewe ni moramu, ule mwekundu unaong'ang'ania kwenye shuka jeupe hata baada ya kufuliwa mara tatu. Huzaliwa mahali penye joto na mvua nyingi. Kwa maelfu ya miaka maji hupenya kwenye mwamba na kuyasomba madini ya silika, na kinachobaki nyuma ni chuma na alumini. Chuma kikikutana na hewa hupata kutu, kwa hiyo anayepita barabara ya moramu anapita juu ya kutu. Mwaka 1807 Francis Buchanan aliueleza udongo wa jamii hii wa kusini mwa India, ambako watu waliukata vipande na kuuacha ukauke kwa ajili ya kujengea. Akauita lateraiti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya tofali.

Kiangazi, moramu iliyoshindiliwa vizuri hukaza kama saruji, lakini juu yake hutawanyika vijiwe vya duara. Dereva mgeni hujikuta anaendesha juu ya gololi. Breki nazo hugeuka tabia. Kwenye lami, gurudumu likifungwa lisizunguke, gari huteleza na kuchelewa kusimama. Kwenye changarawe legelege gurudumu lililofungwa hukwangua ardhi, likakusanya kichuguu kidogo mbele yake, na kichuguu hicho ndicho kinachosaidia kulisimamisha gari. Madereva wa zamani walilijua hilo kwa miguu yao. Ndiyo maana walilitupa gari ubavu kabla ya kona, ili magurudumu yote manne yailime ardhi na kupunguza mwendo.

Kuna pia vile vijituta vinavyopangana barabarani kama mawimbi na kumtikisa msafiri mpaka meno yagongane. Wengi hulaumu malori mazito. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walichapisha majaribio ya gurudumu dogo lililopita tena na tena juu ya duara la mchanga linalozunguka. Vijituta vilijitokeza hata gurudumu lilipokuwa halina springi wala injini, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Ni mwendo wenyewe unaovichonga. Dawa ya watu wa Safari ilikuwa kukanyaga mafuta zaidi, gari liguse vilele tu na kuruka mabonde. Mtikisiko hupungua, ila matairi hayaishiki tena ardhi sawasawa, na kona ikitokea ghafla dereva hana cha kushikilia.

Mbio zenyewe zilianzishwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Aprili 1954 malkia huyo alifika Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, na kwa zaidi ya miaka 60 magari yaliuvuka Mto Nile juu ya ukuta wa bwawa hilo, hadi lilipofunguliwa daraja jipya la mita 525 mwaka 2018.

Anayetoka Jinja kwenda Mbale leo hupita kwenye lami, lakini akitazama kando ataona mtihani uliowatoa jasho madereva. Busoga ni moramu nyekundu. Baada ya Iganga, njia ya Tirinyi huvuka vinamasi vya Mpologoma, jina lenye maana ya simba, na huko udongo ni mfinyanzi mzito wa bondeni. Kisha hujitokeza kilima cha Wanale na nyuma yake Mlima Elgon, volkano ya kale yenye mita 4,321, ambayo miteremko yake ina udongo mwekundu laini. Ukilowa, chembe zake bapa huteleza moja juu ya nyingine kama sabuni. Safari moja fupi, na mikono ya dereva inatakiwa kujifunza upya mara tatu.

Na Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamewadia. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwenye Peugeot 404.

Ukuta wa wenyeji ulivunjwa 1972 na Hannu Mikkola wa Ufini. Msoma ramani wake, Gunnar Palm, ndiye aliyekaa kando ya Carlsson mwaka 1964, kwa hiyo hata mgeni huyo alikuja na mtu aliyekwisha kuionja moramu.

Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Uganda ikampoteza kijana wake hodari kuliko wote. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda 1945, katika familia yenye kiwanda cha sukari Lugazi, kwenye barabara ya Kampala na Jinja. Alihamia Kenya, na 1973 akashinda Safari kwa Datsun 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hakuna aliyewahi kumzidi idadi hiyo ya ushindi. Inauma kwamba kuanzia 1974 mbio hizo zilibaki Kenya peke yake, na Waganda hawakumwona tena akipita kwao katika Safari.

Mchezo haukufa Uganda. Mwaka 1999 Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika, na 2011 Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa taifa wa Uganda. Mbale na Jinja bado hupokea mashindano, na karibu na Jinja magari hukimbizwa kwenye njia za ndani ya mashamba ya miwa ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari 1930. Miwa mirefu pande zote mbili huifunga kona isionekane, na vumbi hukwama katikati kama moshi jikoni. Bahati nzuri magari huachiwa moja moja, kwa nafasi ya dakika. Jumatatu matrekta ya miwa hurudi kazini na matela yao, yakiishindilia upya moramu iliyolimwa Jumapili.