Akiba Hii Huoza

Ikungi upepo haulali. Mji uko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, na anayeishi hapa anazijua sauti zinazofuata umeme unapokatika jioni. Kwanza kimya. Kisha jenereta ya duka la vinywaji inanguruma, halafu ya mashine ya kukamua alizeti, halafu nyingine kwa mbali. Na mara nyingi ipo moja inayovutwa kamba mara tano, mara kumi, inakohoa na kuzimika. Mwenyewe husimama pembeni akishangaa: "Mbona mwezi jana ilikuwa nzima kabisa?"

Swali hilo limewashughulisha wahandisi wa vinu vya nyuklia kwa miaka mingi. Wazee walituachia methali kwamba akiba haiozi. Kwa mtama uliotunzwa vizuri ghalani, ni kweli. Kwa umeme wa dharura, sayansi imethibitisha kinyume: akiba hii huoza, tena huoza kimyakimya.

Tanzania haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Lakini madini ya urani yamegunduliwa wilayani Manyoni, jirani zetu wa mkoa huuhuu wa Singida, na Kenya na Uganda zimetangaza mipango ya kujenga vinu vyao. Kwa hiyo jambo hili si la mbali, na funzo lake linatuhusu tangu leo.

Huenda ukajiuliza: mtambo unaozalisha umeme unahitaji umeme wa akiba wa nini? Mfikirie mchomaji wa matofali. Kuni zikishakwisha na moto kufa, bado hawezi kushika tofali la katikati ya tanuri siku hiyo, pengine hata kesho yake. Kinu cha nyuklia kina tabia hiyo, ila kimezidi. Tanuri likizimwa linapoa tu, lakini ndani ya kinu kilichozimwa masalia ya urani iliyopasuka huendelea kutoa joto jipya. Sekunde chache baada ya kuzimwa, joto hilo ni kama asilimia 6 ya nguvu ya kinu. Siku moja baadaye linakuwa chini ya asilimia 1. Usizidharau asilimia hizo. Kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000, kikishazimwa, huanza na joto la megawati 180 hivi, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa mitambo ya umeme wa maji ya Mtera, ambayo ni megawati 80. Joto hilo lazima liondolewe kwa maji, maji yanasukumwa na pampu, na pampu zinataka umeme. Gridi ikikatika, jenereta za dizeli ndizo tegemeo.

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko kubwa liliikumba Japani. Katika kituo cha Fukushima Daiichi, vinu vilivyokuwa kazini vilijizima kama ilivyopangwa. Umeme wa nje ulikatika, na jenereta zikawaka kama ilivyopangwa. Haikupita saa moja, mawimbi ya tsunami yakafika. Maji yalipanda hadi mita 14 hivi, ilhali kituo kilikuwa kimejiandaa kwa mawimbi yasiyofika mita 6. Kati ya jenereta 13 za dharura, ni moja tu iliyoendelea kutoa umeme. Nyingi zilikuwa chini, katika vyumba vya ardhini. Nyingine hazikuzama, lakini makabati ya swichi za kupitishia umeme wake yalizama. Wafanyakazi walichomoa betri za magari wakaziunganisha na vipimo, angalau waone kinachoendelea ndani. Vinu vitatu viliyeyuka.

Ile jenereta moja iliyopona ilikuwa ya kinu namba 6. Ilipozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari, na ilijengwa mahali pa juu zaidi. Umeme wake uligawanywa kwa kinu namba 5 na namba 6, na vyote viwili vilisalimika. Kilichoiokoa ni kutofanana na wenzake.

Hapo ndipo penye kiini cha somo lenyewe. Tuseme jenereta moja hukataa kuwaka mara 1 kati ya 100. Ukiwa na mbili, hesabu ya darasani inasema zote kukataa kwa pamoja ni mara 1 kati ya 10,000. Moyo unatulia. Lakini hesabu hiyo ni sahihi pale tu ambapo jenereta hizo hazishirikiani kitu. Zikinywa mafuta ya pipa moja, maji yakiingia humo zinakufa pamoja. Zikikaa chumba kimoja, moto mmoja unatosha. Wahandisi huita hali hiyo hitilafu ya chanzo kimoja.

Marekani walijifunza hilo kwa mshumaa. Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, mfanyakazi alitumia mshumaa kutafuta mahali panapovuja hewa, na moto ukashika. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliungua, zikiwemo za mifumo iliyowekwa ili mmoja ukishindwa mwingine ushike nafasi yake. Zilikuwa zimepitishwa njia moja. Mwaka 1988 nchi hiyo ilitunga kanuni kwamba kila kituo kithibitishe kinaweza kustahimili kukosa umeme wa gridi na wa jenereta za dharura kwa pamoja, kwa muda maalumu. Jenereta zao hulengwa ziwake walau mara 95 kati ya 100, nyingi huwekewa sekunde 10 hivi tu za kuwa tayari, na kwa kawaida hujaribiwa kila mwezi.

Huku kwetu Afrika Mashariki hatukuhitaji nyuklia ili tuonje uchungu huo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta inayohudumia majengo ya abiria 1A na 1E ilikataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliwaomba abiria radhi hadharani.

Sasa turudi nyumbani. Kituo cha afya kijijini kina mama anayejifungua usiku, na kina jokofu la chanjo linalotakiwa kubaki kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kwa mama yule na kwa chanjo zile, jenereta ya uani ina uzito uleule wa jenereta za Fukushima. Nayo inaoza vilevile. Betri ya kuwashia hupungua chaji ikikaa bila kazi. Dizeli iliyolala miezi mingi hukusanya maji na uchafu, na vijidudu huota humo vikaziba chujio. Injini inayowashwa bila mzigo, kwa dakika mbili za kujiridhisha, hujaa masizi na haithibitishi chochote.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Jenereta ijaribiwe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo halisi: taa, jokofu, vifaa vya wodi. Tarehe na matokeo viandikwe daftarini. Dizeli ya zamani itumike kwanza, mpya iingie. Panapowezekana, akiba ya pili iwe ya aina nyingine, kama sola na betri zake, maana jua haliingii kwenye pipa la dizeli. Na ufunguo wa chumba cha jenereta usikae mfukoni mwa mtu mmoja, kwani naye husafiri, huugua na hulala. Huyo naye ni chanzo kimoja.

Ndugu msomaji, kituo chako cha afya kina kamati ya usimamizi, na wajumbe wake baadhi ni majirani zako. Kikao kijacho uliza swali moja: jenereta yetu ilijaribiwa lini mara ya mwisho ikiwa na mzigo? Kama hakuna mwenye jibu, ombeni iwashwe siku hiyohiyo, mchana, umeme ukiwepo na fundi akiwepo. Saa nane ya usiku, mama akiwa kitandani, muda wa kujaribu umeshapita.