Msitu Uliomo Ndani ya Nyumba

Mgeni apandaye kilima cha Kasubi, mjini Kampala, akiwa ameambiwa kwamba huko uko msitu mtakatifu wa wafalme wa Buganda, aghalabu hutafuta kwa macho miti mirefu na giza la vichaka, wala havioni. Aonacho ni mashamba, nyumba ndogo za wajane na jamaa za kifalme zilizouzunguka uwanja, na mbele yake kuba kubwa la nyasi lishukalo hata kukaribia ardhi, ambalo Waganda huliita Muzibu Azaala Mpanga. Msitu wenyewe umo humo ndani, nyuma ya pazia la magome ya mutuba yaliyopondwa yakawa nguo, nao huitwa Kibira.

Kwa itikadi ya Waganda, Kabaka hafi kama wafavyo raia wake: huingia msituni, akakaa huko na wenziwe waliomtangulia. Mgeni huvua viatu, akaketi chini kwa adabu. Kulivuka pazia si ruhusa kwake, wala si ruhusa kwa kila Mganda.

Kasri hili alilijenga Mutesa wa Kwanza mwaka 1882, akazikwa humo alipofariki mwaka 1884, na mazishi yake yalikuwa uzushi mkubwa katika mila za nchi ile. Kabla yake kila Kabaka alikuwa na maziara yake peke yake, na taya lake lilitengwa na mwili likahifadhiwa mahali pengine kwa taadhima. Mutesa alizikwa bila taya lake kutengwa. Sisi watu wa pwani jambo hili latuhusu, maana wafanyabiashara wa Zanzibar walikwisha kufika Buganda tangu zama za babaye, Suna, mmojawapo Ahmed bin Ibrahim aliyefika mwaka 1844, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani miaka kadhaa na kujua Kiswahili. Wamisionari nao walikuwapo, lakini ni vigumu kusadiki kwamba mazungumzo ya barazani juu ya heshima ya maiti hayakumgusa.

Waliomfuata wakawekwa papo hapo: Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na kurejeshwa mwaka 1910, Daudi Chwa, mwaka 1939, na Edward Mutesa, aliyefia London mwaka 1969, akaletwa mwaka 1971. Wawili katika wafalme wanne waliozikwa hapo walikata roho ng'ambo ya bahari, na kwa kuwa msitu wa Kabaka hauhamishiki, ilibidi wao wenyewe wavushwe.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, hata UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Wako walionung'unikia uchelewaji huo, nami siwalaumu. Ila kuezeka pale ni haki ya ukoo wa Ngeye, kupamba nguzo kwa nguo za magome ni kazi ya ukoo wa Ngo, na darini hazina budi kuwapo pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kazi ya namna hiyo haitangaziwi zabuni.