Jangwa liko jirani: juu ya nini Turkana ni kavu, Ituri ni mbichi?

Ndugu wanaushirika, tukisikia neno jangwa tunafikiria Sahara. Lakini liko moja karibu zaidi. Ukivuka Ziwa Albert na Uganda yote kuelekea kaskazini-mashariki, unafika Turkana, nchini Kenya. Ng'ambo ya Ziwa Turkana kuna jangwa la Chalbi. Bunia iko digrii 1 na nusu kaskazini mwa ikweta, Chalbi karibu digrii 3. Jua ni lile lile. Sasa tofauti inatoka wapi?

Kwanza, urefu. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, Ziwa Turkana mita 360 tu. Kule chini, mjini Lodwar, joto la mchana linafika digrii 35.

Pili, upepo. Upepo wa Bahari ya Hindi unapita mbio katikati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, sawa maji ndani ya bomba. Haupandi juu, basi mvua haishuki. Sisi huku tuna msitu upande wa magharibi. Miti inavuta maji ya ardhi, inayarudisha hewani, na sehemu yake inaturudia kama mvua.

Tuhesabu. Lodwar inapata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, Bunia zaidi ya 1,000. Kwenye shamba la mita 10 kwa 10, hiyo ni lita 20,000 kule, na zaidi ya lita 100,000 kwetu.

Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Leo mvua ikinyesha pale, maji yanatandaa, jua linayakausha, chumvi inabaki. Wafugaji Wagabra wanahama na ngamia wao kufuata maji na majani.

Hatusemi Djugu itakuwa Chalbi kesho. Lakini mvua ikitelemka mlimani na kubeba udongo mpaka mtoni, shamba halikunywa kitu. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari kikifika, udongo ule hauna akiba.

Kwa hiyo tuchimbe mifereji ya kukata mteremko. Tufunike udongo na majani makavu, tusiyachome. Tuache miti juu ya vilima, na penye uwazi tupande.

Kwenye mkutano wenu ujao, ulizaneni: ni shamba la nani maji yanakimbia zaidi? Anzeni pale, wote pamoja, kabla ya mvua kurudi.