Sura ya Sita: Kasri la Vigae

Mwambie mtoto wa pwani akuletee kigae, huenda akarudi na kipande cha chungu kilichovunjika, kama kile ambacho bibi yake huchukulia makaa ya kufukizia udi. Mwambie fundi wa ujenzi, naye atakuuliza unataka cha paa, cha sakafu au cha bafuni. Kiswahili kimeviweka pamoja kilichovunjika na kilichofinyangwa kifunike nyumba, maana vyote ni udongo uliopita motoni. Nilifurahi sana nilipojua kwamba Kithai nacho kina neno la namna hiyo. Krabueang ni kigae cha paa, ni sahani ya kauri pia, na sahani ikianguka, vipande vyake bado ni krabueang. Sura hii inahusu michoro ya vigae inayoonyesha Kasri Kuu la Bangkok, na nimeanzia kwenye neno kwa sababu kasri hilo lilijengwa na watu walioishi na neno hilo mdomoni.

Tuutazame mchoro wenyewe kwanza. Chukua wa vigae 24, sita kwa upana na vinne kwenda juu. Chini kabisa umepita ukuta mweupe wenye meno ukingoni. Juu ya ukuta yanachomoza majengo matatu ya Wat Phra Kaew, hekalu lililomo ndani ya kasri: chedi ya dhahabu yenye umbo la kengele, kisha Mondop, nyumba ya maandiko matakatifu yenye kilele chembamba kama sindano, kisha Prasat Phra Thep Bidon, ambayo mnara wake umesimama kama gunzi la hindi. Kwa nyuma kuna mapaa ya Chakri Maha Prasat na vilele vyake vitatu. Anga imeachwa buluu tupu. Anayeununua mchoro kama huu huutundika ukutani kama ukumbusho wa safari, na wengi huishia hapo. Mimi naona una nasaba ndefu zaidi ya hiyo, kwa sababu hata kasri linaloonyeshwa humo lilianza likiwa picha ya kasri jingine.

Mwaka 1767 jeshi la Burma liliteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa Siam uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 400. Miaka 15 baadaye, mwaka 1782, Mfalme Rama I alianza kujenga mji mpya kwenye ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya, mahali walipokuwa wakiishi wafanyabiashara wa Kichina, ambao walihamishiwa Sampheng. Mfalme hakuwa akitafuta mtindo mpya. Alitaka Ayutthaya irudi. Hekalu likawekwa ndani ya kuta za kasri, kama Wat Phra Si Sanphet ilivyokuwa ndani ya kasri la zamani, na matofali ya magofu yakapakiwa kwenye mashua, yakateremshwa na mto hadi Bangkok. Ukuta wa leo, wenye urefu wa takriban mita 1,900, umezunguka mahali palipojengwa kwa kumbukumbu na kwa vipande.

Rangi yake ya kwanza iko juu, kwenye mapaa. Kigae cha paa cha Kithai hupakwa utando unaoyeyuka tanuruni ukawa kioo chembamba, na rangi hutoka kwenye madini yaliyochanganywa ndani ya utando huo: shaba huleta kijani, kobalti huleta buluu, chuma huleta manjano hadi kahawia. Mafundi wa Bangkok hawapaki paa zima rangi moja. Katikati huwa na rangi yake na ukingo una nyingine, mara nyingi mizunguko miwili au mitatu, hata paa likaonekana kama kanga yenye mji na pindo. Mchoraji wa vigae anayejua kazi huanza na pindo hizo. Akizikosea, hata mnara wa dhahabu hautaliokoa jengo.

Kuta zilipata kauri baadaye, na aliyezipa hasa ni Rama III, aliyetawala kuanzia 1824 hadi 1851. Alipokuwa bado mwana wa mfalme alisimamia biashara ya majahazi na China, na baba yake alimwita kwa utani tajiri wa Kichina. Majahazi yalikwenda na mchele, sukari na pilipili manga, yakarudi na hariri na vyombo vya kauri. Husimuliwa kwamba sahani nyingi zilipakiwa ziwe uzito wa kutuliza chombo baharini, na nyingi zilifika zimepasuka. Ukiingia Wat Phra Kaew utauona Wihan Yot, jengo lililovikwa maua ya kauri kuanzia chini mpaka kileleni. Ng'ambo ya mto umesimama mnara wa Wat Arun, ambao Rama II aliuanza na mwanawe akaumaliza, wenye maelfu kwa maelfu ya vipande vya namna hiyo, pamoja na kombe za baharini. (Kiswahili kinatumia neno kauri kwa kombe na kwa udongo mweupe pia. Pale Wat Arun maana zote mbili zimeshikamana kwenye ukuta mmoja.)

Sogea karibu uone jinsi ua linavyotengenezwa. Fundi huchukua sahani iliyovunjika na kuimega kwa koleo, kidogo kidogo, mpaka ipate umbo la petali. Mpindo wa sahani haupotei, kwa hiyo petali hujikunja kama za ua la kweli na kushika mwanga wa jua kwa upande mmoja. Kisahani kizima huwekwa katikati kuwa kiini. Vyote hugandamizwa kwenye chokaa mbichi iliyotwangwa pamoja na sukari ya maji na gundi ya ngozi, mchanganyiko unaokauka polepole na kumpa fundi muda wa kurekebisha mkono wake. Mchoro wa buluu uliopakwa China kwa ajili ya meza ya mtu, tawi la mti au bawa la ndege, unabaki pale umekatwa nusu, ukitumikia ua ambalo mchoraji wake hakulijua kamwe.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangazwa na kauri ya China ukutani. Kaburi la mnara la Mambrui lilitiwa bakuli za enzi ya Ming karibu na kilele, na makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani vivyo hivyo, ingawa kwingi leo limebaki shimo la duara tu, chombo kimekwisha kung'olewa. Lakini angalia tofauti, kwa maana hapo ndipo penye ladha. Wazee wetu walikipachika chombo kizima, kikae kama jicho, chombo kiendelee kuwa chombo. Fundi wa Siam alikivunja mara ya pili ili kizaliwe kitu kingine.

Baada ya Rama III, upepo uligeuka. Mwaka 1869 Mfalme Chulalongkorn, yaani Rama V, alianza kujenga Wat Ratchabophit, hatua chache kutoka kasri. Kuta zake zilivikwa vigae vilivyochorwa kwa makusudi, mchoro wa Kithai, moto wa China: nakshi zilibuniwa Bangkok, zikapelekwa China kuchorwa na kuchomwa, zikarudi zikiwa tayari kupangwa. Mtindo wake ni benjarong, maana yake rangi tano, kwa asili nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano. Hiyo rong ya mwisho ina ukoo mmoja na rangi yetu, iliyotufikia kwa njia ya Uajemi na India. Hapo ndipo kipande kilichookotwa kilipoiachia nafasi picha iliyokusudiwa, na mchoro wetu wa vigae 24 ni mjukuu wa kuta za Ratchabophit zaidi kuliko wa Wat Arun.

Mfalme huyo huyo ndiye aliyetupa vilele vitatu vinavyoonekana nyuma ya mchoro. Chakri Maha Prasat ilijengwa kati ya 1876 na 1882 na msanifu Mwingereza, John Clunis, kwa mtindo wa Ulaya. Mfalme alikusudia kuba juu yake, lakini mshauri wake mkuu, Si Suriyawongse, alimshawishi aweke mapaa ya Kithai. Watu wakasema jengo hilo ni Mzungu aliyevaa taji la Kithai. Kwa mchoraji wa vigae ni jengo gumu: chini lina madirisha ya matao na vivuli vya mawe, juu lina mapaa yasiyotaka kivuli hata kidogo.

Sasa turudi kwenye meza ya fundi. Udongo mbichi hunywea unapokauka na kuchomwa, mara nyingi kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, na vigae viwili havinywei sawasawa. Ukichora kasri kwenye udongo mbichi, ukuta utakatika kila penye kiungo. Kwa hiyo huchorwa kwenye vigae vilivyokwisha kuchomwa na kupata utando wake wa kioo. Hupangwa mezani vikiwa vimegusana, kila kimoja kimeandikwa namba nyuma, na kiolezo cha karatasi hulazwa juu yake ili mistari ipigwe kwa unga wa makaa kupitia matundu madogo. Fundi mzuri husogeza kiolezo kabla ya kupiga. Anatafuta mahali ambapo kilele cha Mondop kitapita katikati ya kigae, kwa sababu kilele chembamba kikiangukia kwenye kiungo, simenti nyeupe itakimeza. Mstari wa juu wa ukuta, kinyume chake, ataupeleka kwenye kiungo makusudi. Kiungo kitamsaidia kuunyoosha.

Kisha huja rangi, na rangi haziivi pamoja. Zile za juu ya utando huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 800, chini sana ya lile lililoivisha kauri yenyewe, ili kioo cha chini kilainike tu na kuzishika. Dhahabu huja mwisho. Hupakwa ikiwa majimaji ya kahawia yasiyovutia hata kidogo, na mng'ao wake hutokea tanuruni. Katika kazi ya benjarong dhahabu ndiyo mwandiko: huzungushia kila petali na kila pembe ya paa, ikizitenganisha rangi zisimezane. Ndiyo maana siipendi michoro iliyonakiliwa kutoka kwenye picha za kamera, yenye vivuli na mawingu. Wachoraji wa kale wa Siam hawakuweka kivuli; jengo lilisimama wazi, kila paa likihesabika, kama vile jua limekaa mahali pote kwa wakati mmoja. Kigae kinaifaa kazi hiyo, kwa kuwa chenyewe hung'aa na kubadilika kadiri mtazamaji anavyosogea. Ukikiongezea kivuli cha kuchora, mianga miwili itagombana.

Aliye na mchoro kama huu nyumbani aujue unavyozeeka. Kobalti ikiwa imepakwa chini ya kioo, haitapauka hata ukutani kwenye jua. Chokaa na simenti za viungo ndizo huchoka kwanza, na hilo ndilo lililowaita mafundi Wat Arun kati ya 2013 na 2017, wakabadilisha vipande vilivyoanguka kwa vingine vilivyotengenezwa kwa mkono. Dhahabu ndiyo ya kuionea huruma. Imelala juu ya kioo, haikuingia ndani yake, na unga wa kusugulia masufuria utaiondoa ndani ya mwaka mmoja. Futa kwa kitambaa laini na maji matupu, ukianzia juu, kwenye vilele.